Siku Mwitikiaji Alipouliza

Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mtu wa Kabambare aliyesema Muzaliwa, wala aliyesema Zéphirin. Walisema Muzaliwa-na-Zéphirin, kwa pumzi moja, kama mtu anavyosema wali na sombe. Ukimkuta mmoja wao njiani, macho yako yenyewe yalipita juu ya bega lake kumtafuta wa pili. Hata katekista, alipoandika orodha ya waalikwa wa sikukuu ya parokia, aliwapa mstari mmoja na benchi moja.

Kwa hiyo barua iliyotoka Kasongo ilikuwa na majina yote mawili, ingawa ilikuwa mwezi wa nne tangu Muzaliwa aondoke.

Aliyeileta ni Djamali, mwendesha pikipiki wa Kasongo, baba wa watoto watatu, ambaye hupita Kabambare kila anapopata abiria au mzigo wa maana. Alimkuta Zéphirin uani akimenya karanga pamoja na mkewe Léocadie. Zéphirin alipangusa mikono, akafungua bahasha bila kuichana, akasoma taratibu mpaka sahihi. Clovis, mfanyabiashara wa mpunga, alikuwa akimwoza binti yake Elodie Jumamosi ya wiki ya tatu, naye aliwaomba "wazee wetu Muzaliwa na Zéphirin" waje kuimba baada ya misa.

"Nimwambie nini?" Djamali akauliza.

"Mwambie nitafika."

"Weye peke yako, papa? Na Papa Muzaliwa?"

"Mwambie nitafika," Zéphirin akarudia, akachukua karanga nyingine.

Djamali akamtazama Léocadie, Léocadie akatazama juu, na pikipiki ikaondoka. Mlio wake ulipopotea nyuma ya mihogo, Léocadie akasema, "Baba Sagesse, ile jibu yako iko nusu."

"Ni jibu."

"Ni jibu, ndiyo. Majibu haijakukosa hata siku moja. Lakini utaimba nini?"

"Nyimbo zetu."

"Zenu," Léocadie akasema. "Eeh." Wakaendelea kumenya.

Muzaliwa aliondoka asubuhi moja ya kiangazi. Alifika uani akiwa na gitaa lake ndani ya mfuko wa mchele, akavua kofia, akaitundika kwenye msumari wa ukutani kama alivyofanya siku zote, akaomba maji. Alikunywa kopo la kwanza amesimama. Akaomba la pili, akalinywa polepole zaidi kuliko la kwanza. Kisha akasema, "Ndugu yangu, niko naenda Salamabila."

"Bon," Zéphirin akasema. "Safari njema."

Muzaliwa alimtazama kidogo. Akamrudishia Léocadie kopo kwa mikono miwili, akatoka, na kofia ikabaki msumarini. Watu wengi huenda Salamabila, wengine kuchimba dhahabu, wengine kuwauzia wachimbaji sabuni na samaki wakavu. Baadaye wapita njia walisema wamemsikia akipiga gitaa kwenye nganda moja, baa ya wachimbaji, nyuma ya waimbaji wengine, bila kufungua kinywa. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua lolote.

Ili mtu aelewe shida ya Zéphirin, lazima aelewe kwanza kazi yao ilivyokuwa. Nyimbo zao hazikutungwa mezani. Walianza wakiwa vijana, wakipalilia shamba moja la karanga, mmoja mwisho huu na mwingine mwisho ule. Muzaliwa alitupa swali kwa kuimba, likapita juu ya majani, na Zéphirin alipewa muda wa kutafuta jibu mpaka majembe yao yakutane katikati. Akikosa jibu, atapalilia mstari wa mwenzake. Zéphirin hakuwahi kupalilia mstari wa mtu. Hapo wakawekeana sharti: kinywa kinachouliza hakijibu, na kinywa kinachojibu hakiulizi. Muzaliwa alishika gitaa, na Zéphirin akashika likembe yake ya mbao, yenye vijiti kumi vya chuma alivyovifua mwenyewe kutoka spoku za baiskeli.

Wimbo uliowafikisha Kasongo ulikuwa wa mama mkwe. Muzaliwa aliimba kwa sauti nyembamba ya kikongwe, "Mkwe wangu, mbona umekonda hivi?" Naye Zéphirin, kwa sauti nzito yenye unyenyekevu wote wa dunia, "Binti yako anapika vitamu mno, mama; wageni hawaniachii." Ulikuwepo wa muuza samaki: "Mama, samaki huyu alikufa lini?" "Sikuwepo, baba, nilimkuta amelala." Ulikuwepo wa dereva: "Dereva, breki iko wapi?" "Umevaa viatu, mama, shusha miguu!" Watu waliujua kila mstari, na bado walicheka, maana walikuwa wakiyatazama macho ya Muzaliwa yanayongoja, na midomo ya Zéphirin inayojivuta.

Sharti la shambani, miaka ikipita, likageuka tabia ya mtu. Muzaliwa aliuliza kila kitu kwa kila mtu: goti la bibi fulani linaendeleaje, kuku ameatamia mayai mangapi, mbona mlango huu umepakwa rangi upande mmoja. Zéphirin alikuwa mtu wa majibu. Watu walimletea shida zao, naye akazijibu, na mara nyingi alijibu vizuri. Hakuuliza. Haikuwa kiburi. Ni kama mtu mwenye mkono wa kulia wenye nguvu anavyousahau wa kushoto mpaka siku ya kubeba mtungi.

Sasa siku ya mtungi ilikuwa imefika, na yeye mwenyewe alijiwekea kipimo wazi. Akiimba Kasongo na watu wakakaa, basi yeye ni mwimbaji. Wakiinuka katikati ya wimbo, basi kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mwangwi wa mtu mwingine, naye angeitundika likembe kando ya ile kofia na kumaliza umri wake akipalilia kimya. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alitaka kujua kabla hajafa.

Akaanza kujizoeza. Aliona njia ni moja tu: kuimba sehemu zote mbili. Akasimama uani, akaimba swali la mama mkwe. Ndani ya jiko Léocadie akaendelea kutwanga.

"Mama Sagesse, niko naimba hapa."

"Nasikia. Uko unanitangazia kwamba nimekonda."

"Ile ni swali."

"Swali inapanda, Baba Sagesse. Yako inashuka kama mutu anakaa kwenye kiti." Akachungulia mlangoni, mchi mkononi. "Hata mimi sikusikia hamu ya kujibu."

Alijaribu siku nne, na sauti yake ikaendelea kukaa kwenye kiti. Siku ya tano akaitazama kofia ya Muzaliwa msumarini, akadhani amepata dawa. Kulikuwa na karamu ya ubatizo katika kijiji cha Wamaza, kwa watu anaowafahamu. Akaenda kujipima huko.

Aliimba hivi: akivaa kofia, ni Muzaliwa anayeuliza, akiivua, ni Zéphirin anayejibu. Mwanzoni watu walicheka, naye akakipokea kicheko kama chake. Kufika wimbo wa pili walikuwa wakiifuata kofia kwa macho, juu, chini, juu, chini, kama kuku wanaofuata mkono wa mtu anayetupa mchele. Wimbo wenyewe hakuna aliyeusikia. Na kila kofia ilipopanda kichwani, watu wote walimwona mtu ambaye hakuwepo. Alipomaliza, mama mmoja alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Pole, baba."

Njiani kurudi neno hilo lilimuuma kuliko mashimo ya barabara. Mwimbaji anaambiwa asante. Anaambiwa rudia. Akilewa, anaambiwa nyamaza. Pole ni neno la matanga.

Hata hivyo alikuwa amesema atafika. Alhamisi kabla ya arusi alikaa nyuma ya Djamali, likembe ndani ya mfuko wake wa kitambaa, kofia ya Muzaliwa imekunjwa ndani ya koti kwa sababu Léocadie aliiweka humo bila kueleza. Walisukuma pikipiki katika matope, wakapanda, wakashuka, wakasukuma tena. Siku ya pili, kwenye mlima mmoja mfupi wenye mawe, mnyororo ukakatika. Djamali akautandaza juu ya gunia, akatoa nyundo ndogo, kisha akatoa simu, akaiweka juu ya jiwe ili imsindikize kazini.

Ikaanza kulia likembe. Zéphirin akaijua kabla ya mlio wa tatu.

"Hii nilishika na simu kwenye arusi moja, miaka mbili iliyopita," Djamali akasema. "Watu walikuwa wengi, nikakaa chini, hapa, karibu na goti lako. Sikiliza."

Zéphirin akasikiliza. Simu ilikuwa imekaa upande wake, na spika zilikuwa zimeelekea mbele, kwa hiyo sauti yake ilitoka kubwa na safi, na sauti ya Muzaliwa haikusikika kabisa. Gitaa lilikuwa kama nzi ndani ya chupa. Swali likipita, kilikuja kimya, halafu yeye, Zéphirin, akijibu kimya hicho kwa heshima zote.

"Iko mubaya," Zéphirin akasema. "Ni nusu."

"Mubaya?" Djamali akainua nyundo. "Papa, nyimbo zingine nasikia mara kumi, nafuta. Hii iko na miaka mbili. Zile za mama mukwe najua, kila mutu anajua. Lakini ngoja... ngoja... hii!"

Simu ikaimba kwa sauti ya Zéphirin, "Ndiyo, mama, lakini tulimtoa kabla Padri hajaamka."

Ulikuwa wimbo walioimba mara moja tu, siku ile.

"Hapo ndipo naumia," Djamali akasema, akicheka peke yake. "Mulitoa nani? Mulitoa wapi? Bibi yangu anasema ni mbuzi. Ndugu yangu anasema ni mulevi alilala ndani ya kanisa. Mimi niko naendesha pikipiki toka Kasongo mpaka hapa, nawaza tu ile mutu mulitoa."

Zéphirin akafungua kinywa amwambie, maana swali likiwepo, yeye alikuwa nalo jibu.

"Hapana!" Djamali akapiga kelele. "Usiseme, papa, nakuomba. Ukisema, itaisha."

Mnyororo ukaungwa, wakaendelea. Kwa saa nzima Zéphirin hakuona njia wala mto. Alikuwa akilitazama jambo moja kwa pande zote, kama mtu aliyeokota chombo asichokijua matumizi yake. Kumbe kimya kile cha kwenye simu hakikuwa shimo. Djamali alikuwa akikaa ndani yake miaka miwili, na hajachoka.

Jumamosi, baada ya misa, uwanja wa nyumba ya Clovis ulikuwa umefunikwa na bashi la bluu, turubai lililofungwa kwenye miti minne. Wageni walikuwa wengi, na upande wa bwana arusi walikuwa wametoka Kindu, watu wa suti. Jikoni, wazi nyuma ya bashi, masufuria matatu makubwa ya wali yalikuwa yamebandikwa. Clovis, mtu mnene mwenye shati jeupe lililolowa mgongoni, alikuja mikono imefunguliwa.

"Karibu, muzee wetu, karibu! Na mwenzako iko nashusha gitaa?"

"Niko peke yangu, Papa Clovis."

"Peke yako namna gani? Niliandika majina mbili."

"Limefika moja."

Clovis akamgeukia Djamali. "Weye ulisema watafika!"

"Mimi nilisema 'mutu amesema atafika,'" Djamali akajibu. "Wa pili uliongeza mwenyewe."

"Lakini nimewaambia watu wa Kindu watasikia wazee wawili wanabishana! Weye utabishana na nani, Zéphirin? Na mbuzi?"

"Mbuzi wamekwisha kupikwa," mpishi mmoja akasema kutoka jikoni, na wenzake wakacheka.

Clovis hakucheka. Alitazama wageni, akatazama masufuria. "Bon. Wali iko motoni. Imba mpaka wali iive. Ikiiva tu, nawasha jenereta ya sono na spika kubwa, tunaweka muziki ya kucheza, na hakuna mutu atajua. Sawa?"

"Sawa," Zéphirin akasema. Kipaza sauti kilikuwa cha betri, kwa hiyo hakuhitaji jenereta. Alihitaji wali uchelewe.

Mbele ya watu walikuwa wameandaa viti viwili na vipaza sauti viwili. Zéphirin akavitazama. Hicho kiti cha pili ndicho kilichomuua Wamaza, ingawa Wamaza kilikuwa ndani ya kofia. Bibi mzaa baba wa Elodie, Mama Olga, alikuwa akizunguka na fimbo yake akitafuta pa kukaa, akiwatukana wajukuu kwa kujaza viti. Zéphirin akainua kiti cha pili, akampelekea, akamkalisha mstari wa mbele kabisa.

"Weye uko na adabu," Mama Olga akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Si kama hawa."

Kisha Zéphirin akakishika kile kipaza sauti cha pili, akakigeuza kikawatazama watu. Akaketi. Akapiga likembe mizunguko miwili, na bila salamu wala maelezo akaimba:

"Binti yako anapika vitamu mno, mama, wageni hawaniachii."

Akanyamaza, macho yake yakingoja. Watu wa Kindu wakatazamana. Kijiko kikaanguka mahali fulani. Clovis akaanza kusogea kuelekea jenereta. Zéphirin akaimba tena mstari uleule, kwa unyenyekevu zaidi, akishika tumbo kidogo.

"Uko unamujibu nani, papa?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Likembe ikazunguka mara moja, mara mbili. Halafu kutoka jikoni mpishi yuleyule, mwiko mkononi, akapaza sauti kama aliyechomwa: "Mkwe wangu, mbona umekonda hivi!"

Bashi zima likapasuka kwa kicheko. Waliojua wakawageukia wasiojua: "Anaulizwa sababu gani amekonda! Mama mukwe anamuuliza!" Na wasiojua wakacheka kwa kuchelewa, kicheko cha pili juu ya cha kwanza. Zéphirin hakuwapa nafasi ya kupumua.

"Sikuwepo, baba, nilimkuta amelala."

Sasa walikuwa wameelewa kazi yao. Mmoja akataja samaki, lakini mgeni wa Kindu, baba mwenye miwani, akawahi kusimama mbele ya kile kipaza sauti. "Mwalimu yenu amewafundisha nini leo?"

Hata Zéphirin alicheka. Jibu lile alilipata akiwa na miaka thelathini na mmoja, katikati ya karanga, na kwa miaka yote alidhani lina mlango mmoja. Akalirudia kwa ajili ya mwalimu, na likaingia vizuri kuliko lilivyowahi kuingia kwa samaki. Akatoa la breki. Wakamletea maswali matatu, moja la aibu, la shangazi mmoja ambaye mumewe alimvuta nguo akae. Kisha akapunguza likembe, akainama karibu na kipaza sauti, akaimba kwa siri:

"Ndiyo, mama, lakini tulimtoa kabla Padri hajaamka."

Djamali, aliyekuwa amesimama pembeni na simu yake juu, akajishika kichwa.

"Mbuzi!" "Mulevi!" "Popo!" "Ni bibi arusi!" "Funga kinywa, weye!" Watu walisimama, wakaelekezana vidole. Padri mwenyewe, aliyekaa kwenye meza ya maharusi, akainuka nusu, leso shingoni. "Hapana, na mimi nataka kujua," akasema. "Mulitoa nani?"

Zéphirin akatikisa kichwa, akaendelea kupiga. Akaona jambo: hakuna aliyetazama pembeni yake, mahali pa kiti cha pili. Wapishi watatu walikuwa wamefika mpaka chini ya bashi, na jikoni hapakubaki mtu.

Hapo Mama Olga akanyanyua fimbo. Watu wakadhani anataka msaada wa kuinuka, lakini alivuta tu kipaza sauti cha pili mpaka mdomoni.

"Zéphirin," akasema, na sauti yake ya kizee ikatoka kubwa kuliko alivyotarajia, akashtuka, kisha akaendelea. "Ile ya Padri waache waote nayo. Mimi nauliza yangu. Ule mwenzako iko wapi? Na sababu gani alienda?"

Kicheko kikazimika kama moto uliomwagiwa maji. Ni swali ambalo kila mtu alikuja nalo mfukoni tangu asubuhi.

Mwitikiaji hakatai swali. Likembe ikazunguka mara moja. Jibu la kwanza likamjia palepale, tayari na mkia wake: amekwenda kutafuta nyuzi za gitaa, mama, akakuta zimefungwa kwenye dhahabu. Lingewachekesha. Lingempa mzunguko mwingine, na mwingine, mpaka wali uive, na angekuwa ameshinda. Lilikuwa limefika kwenye meno.

Lakini swali la bibi lilikuwa limepanda, na lilipopanda likamwinua naye. Alimwona tena Muzaliwa asubuhi ile, uani kwake. Kopo la kwanza amesimama. Kopo la pili, polepole zaidi. Muzaliwa hakuwa mtu wa kunywa maji mengi asubuhi. Alikuwa anangoja. Alisimama pale, mtu aliyeuliza hali ya kila goti na kila kuku wa Kabambare, akingoja kwa makopo mawili ya maji neno moja dogo ambalo mtoto yeyote angelisema. Naye, Zéphirin, akampa jibu: Bon, safari njema.

Likembe ilizunguka mara ya nne, ya tano. Clovis alikuwa ameshika kamba ya jenereta, na hakuivuta.

"Sijui, mama," Zéphirin akaimba. Sauti ilitoka ndogo. "Sijui, mama. Sikumuuliza."

Miaka ishirini na miwili, na neno sijui halikuwahi kutoka katika kinywa hicho mbele za watu. Akalisikia likipita chini ya bashi, akangoja aone litaangusha nini. Halikuangusha kitu. Watu walikuwa wameinama mbele. Vidole vyake vikahamia kwenye vijiti vya juu, vile vifupi, ambavyo siku zote alikuwa akiviacha kwa ajili ya gitaa, na sauti yake ikavifuata bila kumwomba ruhusa:

"Muzaliwa, makopo mawili ya maji... mbona hukukaa?"

Ilipanda. Ilipanda mpaka mwisho na ikabaki huko juu, haikutafuta kiti. Akaimba tena, polepole zaidi: "Muzaliwa, na kofia ukaiacha... ulitaka nikuite?" Hata baba wa miwani, aliyekuwa na maswali ya kila kitu, alikuwa amefungua mdomo na kuuacha hivyo. Zéphirin akapiga mzunguko wa mwisho wa likembe, akauacha bila kuufunga.

Kisha harufu ikafika.

"Wali!" Clovis akapiga kelele. "Wali yangu!"

Wapishi walikimbia wakigongana. Masufuria yote matatu yalikuwa yameshika chini, na moja lilikuwa jeusi mpaka katikati. Watu wakacheka, Clovis akaapa, mtu akaleta maji. Katika fujo hiyo Zéphirin alibaki ameketi, likembe magotini, akimtazama mtu mmoja tu, kwa sababu alijua atakachosema huyo ndicho atakachorudi nacho Kabambare. Mama Olga alipangusa macho kwa ncha ya kitenge. Midomo yake ikajipanga. Zéphirin akasubiri ile pole.

"Rudia," Mama Olga akasema. "Kuanzia kwenye maji."

Akarudia. Akarudia mara tatu mchana ule, wali mwingine ukipikwa chini ya macho ya Clovis mwenyewe, ambaye hakumruhusu mpishi yeyote kuondoka hata hatua moja, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akisogea kidogo kidogo kuelekea kwenye wimbo. Baba wa miwani alikuja kuandika jina lake, kwa ajili ya arusi nyingine Kindu. Aliandika jina moja, akangoja la pili kwa mazoea, kisha akafunga kalamu.

Kesho yake asubuhi Djamali alikuwa akifunga mizigo. Wimbo ulikuwa ndani ya simu yake, safi, na safari hii alikuwa amekaa mbele. "Tunarudi Kabambare, papa," akasema. "Mama Léocadie anangoja habari."

Zéphirin aliingiza mkono ndani ya koti, akaitoa kofia, akaikunjua, akaipiga vumbi kwenye goti.

"Djamali," akasema, "toka hapa mpaka Salamabila ni mbali kiasi gani?"

Umbali aliujua. Alikwenda huko mara mbili kuimba. Alitaka tu kuisikia sauti yake ikipanda mwishoni, na kumwona mtu mwingine akitafuta jibu.